Mke wangu anasema visu vimetuzuia kuezeka

Mama mkubwa, shikamoo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 39, mzaliwa wa Muheza, naishi karibu na Dallas, Texas, pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili. Naendesha lori la masafa marefu, kwa hiyo wiki mbili niko barabarani, siku tatu nne niko nyumbani, kisha naondoka tena. Mke wangu anahudumia wazee kwenye nyumba za kulelea. Tanga tuna nyumba iliyosimama kwenye lenta tangu mwaka juzi. Fundi alitupigia hesabu ya kupaua na kuezeka, ikafika shilingi milioni 14, na hadi leo bati hata moja halijapanda.

Ugonjwa wangu, kama ni ugonjwa kweli, ni visu vya kukunja. Nilianza na Buck 110, kile cha mpini wa mti wenye shaba huku na huku, niliyonunua kwenye kituo cha malori kwa sababu nilihitaji kitu cha kukatia kamba na maboksi. Kilinitosha kabisa. Kisha mzee mmoja tunayefanya naye kazi akanionyesha visu vyake vya Case vya mipini ya mfupa, akanifundisha kusoma mwaka wa kisu kwenye muhuri ulio chini ya bapa: tangu 1970 kiwanda kinauandika kwa nukta. Basi, nikawa nimenasa. Kutoka hapo nikaingia kwenye visu vya kisasa, Spyderco, Benchmade, mipini ya titani, vyuma vyenye majina ya herufi na tarakimu. Vifurushi naviagiza vifike kwa rafiki yangu mmoja kwa sababu mimi siko nyumbani, halafu navichukua nikipita.

Mwezi uliopita mke wangu alikuwa anatafuta chaja kwenye gereji akafungua sanduku langu. Akaniambia nivihesabu mbele yake. Vilikuwa 74. Akataka na jumla ya fedha, nikakaa na taarifa za kadi nikapata dola 11,300 kwa miaka minne. Mwaka jana peke yake ni dola 5,200. Kwenye kadi bado nadaiwa 4,800, na riba ni asilimia 24 kwa mwaka. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu kama najua bei ya bati, akaenda kulala na watoto. Kesho yake alimpigia dada yangu, na sasa habari iko kwenye kundi la ukoo. Kaka yangu mkubwa ameuliza kama nimeajiriwa machinjioni.

Mama mkubwa, mimi sinywi, sivuti, sibeti. Starehe yangu ni hii tu. Na visu hivi si fedha iliyopotea, ni akiba. Kuna kiwanda cha Great Eastern kule Titusville, Pennsylvania, kinatoa visu vichache vya mtindo wa zamani, vinakwisha siku hiyo hiyo, na wiki haijaisha watu wanaviuza kwa bei ya juu zaidi. Mimi ninacho kimoja nilichonunua kwa dola 110, namenyea matofaa safarini, na nimeona mwenzake amewekwa sokoni kwa 200. Para Military 2 za Spyderco ninazo tisa, zimenigharimu kama dola 2,000, kila moja ina chuma chake na rangi yake. Asiyejua ataona kisu kimoja mara tisa, lakini sivyo.

Juni nataka kwenda Atlanta kwenye maonyesho ya visu, Blade Show, kuna fundi nimemwahidi kununua kisu chake cha dola 900. Pia mzee mmoja Arkansas ananiuzia kisu cha zamani cha Sheffield, Uingereza, chenye mpini wa pembe ya ndovu, anataka dola 350. Hicho nataka nimpelekee baba Muheza tukienda Desemba.

Je, nimezidisha? Na mke wangu nimwambieje ili anielewe?

Mwenye Visu, Dallas

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako ina tarakimu nyingi, lakini mahali niliposimama nikarudia kusoma ni kwenye vifurushi vinavyofikia kwa rafiki yako. Umesema ni kwa sababu hauko nyumbani. Mkeo yuko nyumbani. Watoto wako nyumbani. Barua za benki, viatu vya shule na dawa za kikohozi vyote vinafika kwako bila wewe kuwepo. Rafiki yako analinda siri, na wewe unajua hivyo, na mkeo alijua pale pale alipofunua kifuniko. Ndiyo maana hakupiga kelele. Mtu hupiga kelele akikuta mumewe ametumia vibaya. Akikuta amefichwa kwa miaka minne, anaenda kulala na watoto.

Sasa tuzihesabu fedha, maana umeuliza kama umezidisha na jibu lipo kwenye tarakimu zako mwenyewe. Dola 11,300 kwa miezi 48 ni kama 235 kwa mwezi. Kwa dereva wa masafa asiye na deni, mwenye nyumba iliyokwisha, ambaye mkewe anajua, nisingekuwa na neno. Wapo wanaomwaga zaidi ya hiyo kwenye bia na hawabaki hata na chupa. Lakini gawa vizuri. Miaka mitatu ya mwanzo ulikuwa unatumia kama 170 kwa mwezi. Mwaka jana umefika 433. Mapenzi yako kwa visu hayakuongezeka mara mbili na nusu kwa mwaka mmoja. Kilichoongezeka ni kununua. Na juu yake kadi inakula karibu dola 96 kila mwezi, riba tupu, ambayo hata mpini hupati. Kwa shilingi, hizo 11,300 ni zaidi ya milioni 25. Fundi alitaka 14. Mkeo alipokuuliza bei ya bati alikuwa amekwisha piga hesabu hiyo kichwani.

Kwa hiyo ndiyo, umezidisha. Ila wasikubabaishe wanaosema visu vyenyewe ni upuuzi. Kaka yako na machinjio yake anachekesha, lakini hajui anachokisema. Kiwanda cha Case kimekuwepo tangu 1889 na bado kinatengeneza visu kule Bradford. Karl Elsener alifungua karakana yake Uswisi mwaka 1884, na 1891 akawapelekea askari wa nchi yake visu vyake vya kwanza. Ile Victorinox nyekundu ambayo kila mjomba aliyewahi kusafiri alirudi nayo ilitoka kwenye ukoo huo. Mtu anayeweza kushika kisu akasoma mwaka wake, akatofautisha mfupa na plastiki, akajua springi imekazwa na mkono wa nani, huyo ana elimu. Mimi visu vyangu ni vya jikoni na hata hivyo vinasubiri kunolewa, lakini naijua elimu nikiiona.

Tatizo ni jinsi biashara hii inavyopangwa ili usimalize. Kisu kinachofanya kazi zote za dereva hakipiti dola 100. Buck yako ya kwanza ilikuwa inatosha na umekiri. Opinel namba 8 au Victorinox ya kuning'iniza kwenye funguo utaipata kwa dola 20 na ushei. Ukifika 200, kwenye Bugout ya Benchmade na hizo Para Military zako, unalipia wepesi, kufunguka kwa mkono mmoja na chuma kinachoshika makali muda mrefu zaidi, na hiyo ni haki yake. Ukipita 450, kwa akina Chris Reeve, yule wa Afrika Kusini aliyehamia Boise, unalipia titani iliyochongwa kwa usahihi ambao kamba ya turubai haitautambua. Dola 900 za fundi wa Atlanta ni za mkono wa mtu na jina lake. Hakuna ubaya, mradi ujue unalipia nini, na mradi fedha iwepo.

Halafu kuna mchezo wa chuma. Mwaka 2001 ilitoka S30V, watu wakasema hapa ndipo mwisho. 2009 ikaja S35VN. 2021 ikaja MagnaCut ya mtaalamu wa vyuma Larrin Thomas, na kwa kweli hiyo inasifiwa kwa haki, inashika makali na haishiki kutu kirahisi. Kila chuma kikitoka, kisu kile kile kinarudi dukani na bapa jipya, kisha muuza duka fulani anaagiza rangi yake peke yake, vichache, "vikiisha vimeisha". Ni biashara ya khanga, mwanangu. Pindo ni lile lile, mji ni ule ule, jina jipya limeandikwa chini, na mwanamke mwenye sanduku limejaa doti ambazo hazijakatwa anaona kwamba hii lazima aipate kabla haijaisha Kariakoo. Tisa zako ni hivyo. Umejitetea kwamba si kisu kimoja mara tisa. Kazi wanayofanya ni moja, na mfuko wako una nafasi ya kimoja.

Na sasa hilo neno akiba, ambalo nataka uliache.

Visu vya Great Eastern kweli vingine hupanda bei, kwa kuwa tangu 2006 kiwanda kimeshikilia kutoa vichache kuliko wanaovitaka. Lakini wanaonunua kwa bei hizo za juu wanataka kisu ambacho hakijaguswa, hakijanolewa, kiko kwenye kopo lake na karatasi zake. Chako umekimenyea matofaa. Kama ni kile chuma cha 1095 wanachokitumia sana, bapa limekwisha shika rangi ya kijivu. Kwa mtumiaji hiyo ni sifa, kwa mnunuzi wa akiba ni punguzo. Tena 200 uliyoiona ni bei anayoitaka muuzaji. Tafuta orodha ya vilivyokwisha kuuzwa, uone watu walilipa ngapi. Ukiuza kwenye tovuti ya mnada wanakata zaidi ya dola 10 katika kila 100, na posta juu yako.

Chukua zile tisa. Tuseme unabaki na mbili, unauza saba, na kila moja inatoka kwa 150, kwa sababu visu vya kiwandani vilivyotumika havirudishi bei ya dukani. Ukitoa makato na posta, unaingiza mkononi labda 900 kwa visu ulivyonunua kwa zaidi ya 1,500. Hiyo ndiyo akiba yako. Akiba inayopungua kwa kiasi hicho huku kadi inadai asilimia 24 ina jina lake, nalo ni starehe. Na starehe ni halali! Mtu anayefanya kazi wiki mbili peke yake kwenye lori anastahili kitu cha kumfurahisha. Ukiiita starehe, mkeo anaweza kukaa na wewe mkaipangia kiasi. Ukiiita akiba, unamwambia hajui hesabu, na anayepiga hesabu nyumbani kwenu nadhani ni yeye.

Kabla sijafika kwa mkeo, nizungumze kile kisu cha Arkansas, kwa sababu hapo mzaha umekwisha. Usikinunue. Na hata ukipewa bure, usikitie kwenye sanduku la kwenda Tanzania. Marekani ilibana biashara ya pembe za tembo wa Afrika kuanzia Julai 2016. Kuuza kutoka jimbo moja hadi jingine ni shida isipokuwa kwa vitu vilivyothibitishwa kuwa na miaka 100 na zaidi au vyenye pembe kidogo tu vinavyotimiza masharti yote, na kutoa nje ya nchi ni vibali juu ya vibali. Wewe unakaa Texas, muuzaji yuko Arkansas. Ukiteremka na mpini huo Dar es Salaam, afisa hatakuuliza kama ulitengenezwa Sheffield enzi za malkia yupi. Atakuuliza kibali cha nyara za serikali. Umekulia nyumbani, unajua kwamba kusoma gazetini mtu kafungwa miaka 20 kwa nyara si habari ngeni. Unataka zawadi hiyo afunguliwe kesi nayo baba yako?

Isitoshe, visu vingi vya zamani vinavyosemwa kuwa na mpini wa pembe ni mfupa au seluloidi iliyopigwa mistari ifanane. Seluloidi ikizeeka hutoa hewa inayokula chuma, na wakusanyaji wenye uzoefu huitenga isilale sanduku moja na visu vingine. Kwa hiyo ama ununue kesi, ama ununue kutu kwa ajili ya visu 74. Na kama pembe ni ya kweli, fikiria ilikotoka. Pembe zilizobebwa mabegani hadi pwani yetu na kupitia Unguja zilikwenda kuwa vitufe vya piano Connecticut. Viwanda vya visu vya Sheffield navyo vilijaza maghala yao pembe za Afrika. Kuirudisha Muheza kwa dola 350, tena kwa kificho, sioni heshima yake kwa mzee.

Sasa mkeo. Umeniuliza umwambieje ili akuelewe. Kwanza muulize yeye, halafu unyamaze. Ukifika nyumbani safari hii, toa visu vyote mezani watoto wakiwa wamelala, pamoja na vile vilivyobaki kwa rafiki yako, maana nina hakika vipo. Mwonyeshe kipi kinakuuma ukikiachia na kwa nini. Usimfundishe vyuma. Mwambie kile cha kwanza ulinunua wapi na ulikuwa unajisikiaje usiku huo. Nina wasiwasi kwamba hata siku moja hujamwambia jinsi wiki mbili barabarani zilivyo, na kwamba kifurushi kinachokungoja kimekuwa ndicho kitu kinachokufanya uhesabu siku za kurudi. Asikie hilo kutoka kwako kabla hajalisikia kwenye kundi la ukoo. Na yeye, kama anasoma hapa: dada, kumpigia wifi ilikuwa haki ya hasira, lakini sasa lifungeni hilo kundi. Deni ni la watu wawili, hesabu ifanywe na wawili.

Mkishazungumza, mtenge visu vya kubaki. Siwapangii idadi, lakini kama vinazidi 20 nitashangaa. Vingine viuzwe, mkianza na vya kisasa vinavyotoka haraka, na kila dola iende kwenye kadi mpaka iishe. Sio kwenye bati kwanza, na hapa najua mkeo atanuna: kadi ya asilimia 24 italimaliza paa kabla ya mvua. Kadi ikiisha, ile 433 ya kila mwezi igeuke fedha ya kupaua, na kwa mwendo huo milioni 14 si mbali kama mnavyoiona. Wewe ubaki na kiasi chako kidogo, fedha taslimu, si kadi. Dola 50, mkikubaliana hivyo. Ukitaka kisu cha 200, utasubiri miezi minne au utauza kimoja ulicho nacho. Wakusanyaji ninaowaheshimu hufanya hivyo, na visu vyao ni vichache na vizuri. Vifurushi vifike nyumbani kwako.

Atlanta mwaka huu usiende. Fundi wa 900 mwandikie leo umwambie fedha haipo. Wenye kazi nzuri huwa na foleni, hatakosa mnunuzi. Mwaka mwingine nendeni wote wawili, aone watu wazima wanavyoshika visu kama vitoto vichanga. Huenda akacheka, na huenda akakuelewa kuliko kwa barua yangu.

Neno jingine, kwa kuwa unavuka majimbo. Texas ni wapole kwa visu vya mfukoni, lakini sheria haivuki mpaka pamoja nawe. Chicago bapa lisizidi inchi 2.5, na hiyo Para Military ni ndefu kuliko hapo. New York mjini mwisho ni inchi 4, na hata klipu ikionekana nje ya mfuko unaweza kujitia matatani. Ukishuka kwenye lori kwenye miji hiyo, kiache ndani kilichozidi.

Na baba. Mzee wa Muheza anahitaji kisu cha kumenyea machungwa kibarazani, kilicho chepesi, kinachofunga vizuri, ambacho hatakionea huruma. Mpelekee Opinel namba 8. Inauzwa ya aina mbili, ya chuma kinachoshika kutu na ya inox. Kwa hewa ya Tanga chukua ya inox. Iweke kwenye sanduku la mizigo linaloingia chini ya ndege, sio kwenye begi la mkononi, la sivyo wataichukua Dallas hata hujapanda.